Mawe ya Oman na Barafu ya Mushtari

Msafiri aingiaye Maskati kwa bahari, kama walivyoingia mababu zetu kwa karne nyingi wakirejea kutoka Unguja, Lamu na Mombasa kwa pepo za kusi, hukutana na majabali kabla ya kukutana na mji: majabali ya rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, makavu, yasiyo na mti wala nyasi, yaliyoikumbatia bandari na kuacha upenyo mdogo wa maji baina ya ngome ya Mirani na ngome ya Jalali. Abdul Razzaq wa Samarkandi, mjumbe wa mfalme Shah Rukh, aliyepita hapa mwaka 1442 akielekea Bara Hindi, aliacha maandishi marefu ya kulalamikia joto la nchi hii, na wageni wengi waliomfuata wamerudia malalamiko yayo hayo. Yamkini basi msomaji atastaajabu akiambiwa kwamba tarikhi ninayokusudia kuieleza hapa ni tarikhi ya barafu. Yaani namna mionzi inavyoivunja na kuijenga upya barafu iliyofunika miezi ya Mushtari na Zohali na zile sayari ndogo za mbali kabisa, na namna nchi hii ya joto, kwa mawe yaliyolala katika jangwa lake na kwa majabali haya haya yanayouzunguka mji wake mkuu, ilivyoingia katika ilimu hiyo na kuwa miongoni mwa mahali ambapo wataalamu hawawezi kufanya bila ya kupafikia.

Wanabahari wa Oman na wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua Mushtari, walakini hawakuitumia kuongozea vyombo, kwa kuwa sayari huhama. Mwalimu wa chombo, tangu zama za Ahmad bin Majid wa Julfar, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha ilimu ya bahari mwishoni mwa karne ya 15, alitaka nyota zinazoshika mahali pake, ambazo akizipima kwa vidole juu ya upeo wa bahari alijua yu sambamba na bandari gani. Ilipofika Januari 1610, wakati Maskati ilipokuwa imekwisha kaa mikononi mwa Wareno kwa zaidi ya miaka 100 tangu Albuquerque alipoichoma moto mwaka 1507, Galileo Galilei, katika mji wa Padua, aliielekeza darubini yake kwenye Mushtari akaona miezi minne ikiandamana nayo, ambayo leo huitwa Io, Europa, Ganymede na Callisto. Kwa kuitazama Io ikiingia na kutoka katika kivuli cha Mushtari, Ole Rømer alitambua mwaka 1676 kwamba nuru nayo huchukua muda kusafiri. Na mwaka huo Maskati ilikuwa imekwisha kombolewa na Imamu Sultan bin Seif tangu Januari 1650, na ilikuwa imebaki miaka 22 Ngome ya Yesu ya Mombasa nayo iwatoke Wareno. Carsten Niebuhr, mpima nchi aliyetumwa na mfalme wa Denmark, akafika Maskati Januari 1765 na vyombo vyake vya falaki. Miaka yote hiyo miezi ile ilihesabiwa, ikatungiwa majedwali, ikatumiwa kama saa, na hapakuwa na ushahidi wa nini kilichofunika nyuso zake. Ushahidi huo ulipatikana mwaka 1972, pale Carl Pilcher, Stephen Ridgway na Thomas McCord, kwa kuuchambua mwanga wa jua unaorudishwa na miezi hiyo, walipothibitisha kuwa juu ya Europa na Ganymede pametanda barafu ya maji.

Miaka hiyo ndiyo miaka ambayo jamaa zetu wengi walikuwa wakirejea Oman kutoka Unguja na bara, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga nchi. Na kwa kuwa wengi wao walikuwa wamesoma skuli za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na Kiingereza walikijua, si wachache waliojikuta, wao ambao walizoea mikarafuu na mvua za masika, wakifanya kazi za mafuta katikati ya jangwa. Jangwa hilo ndilo linalotuhusu.

Kati ya Oman, kusini ya milima ya Hajar na kaskazini ya Dhofar, uko uwanda mpana wa mawe ya chokaa uitwao Jiddat al-Harasis, kwa jina la kabila la Waharasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia wenye lugha yao isiyokuwa Kiarabu, ambao kwa vizazi vingi waliishi mahali pasipo mto wala kisima cha kudumu kwa kutegemea maziwa ya wanyama wao na unyevu wa ukungu utokao baharini usiku. Uwanda huu ni mkongwe mno na haukusumbuliwa: mvua ni haba, mito haiusombi, vilima vya mchanga havikuufukia, na kwa kuwa ardhi yake ni nyeupe, jiwe jeusi likilala juu yake huonekana kutoka mbali. Februari 1954 kundi la watafuta mafuta lilishuka pwani ya Duqm likaanza safari ya kwenda Fahud, na katika mwaka huo huo kikaokotwa katika uwanda huo kimondo kilichoandikishwa kwa jina la Ghubara, na katika miaka michache iliyofuata vikaokotwa vingine kadhaa. Mafuta yalipatikana Yibal mwaka 1962 na yakaanza kuuzwa nje mwaka 1967, na katika harakati hizo mawe meusi yakabaki kuwa jambo la pembeni, lililowahusu wachache. Ghubara hata hivyo haikusahauliwa. Mwaka 2007 Ekaterina Korochantseva na wenzake, kwa kuipima argoni iliyonaswa ndani ya jiwe hilo na ndani ya mengine ya jamii yake, waliweka tarehe ya mgongano mkubwa uliouvunja huko angani mwamba mzazi wa vimondo hivyo: miaka milioni 470 iliyopita, ikizidi au kupungua kwa milioni 6.

Ili kufahamu jiwe kama hilo linavyoweza kutoa habari, sharti tukumbuke kuwa sisi wakazi wa dunia tumekingwa, kwa hewa na kwa uga wa sumaku, na chembe ziendazo kwa kasi kubwa zinazotoka kwenye jua na nje kabisa ya falaki ya jua. Victor Hess, Mwaustria, alilidhihirisha hilo tarehe 7 Agosti 1912, alipopaa kwa puto hadi mita zipatazo 5,300 akaona vipimo vyake vya mionzi vikiongezeka kadiri alivyopanda. Mwamba uzungukao angani hauna kinga yoyote. Chembe hizo hupenya ndani yake kiasi cha mita moja au mbili, na kila zipigapo kiini cha atomu hukivunja, na katika mabaki yake hutokea atomu ambazo hazikuwamo: kaboni ya uzito wa 14, aluminiamu ya 26, beriliamu ya 10, na nyinginezo. Kaboni hiyo nayo haidumu, kwani kila ipitapo miaka 5,730 nusu yake huwa imetoweka. Kwa hiyo kimondo kilichokaa angani kwa muda mrefu ni mfano wa mtungi unaotiwa maji kwa juu huku ukivuja kwa chini, ambao maji yake hufikia kimo fulani yakasimama hapo. Siku kianguapo duniani, kinga ya hewa huukatia mtungi maji, kuvuja kukaendelea, na mwenye kupima kimo kilichobaki aweza kusema umeachwa tangu lini. Vimondo vilivyoanguka Mbale, nchini Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mbele ya macho ya watu, vilifika na kaboni yao kamili. Vile vya Oman vimelala juu ya chokaa ile kwa maelfu na makumi ya maelfu ya miaka, na wakati wote huo vimekuwa vikipungukiwa kwa kipimo kinachojulikana.

Kuanzia mwaka 1999 tijara ikaingia jangwani. Wakusanyaji wa kigeni, wenye magari ya jangwani na vyombo vya kujulia mahali kwa setilaiti, walianza kuupekua uwanda wa Sayh al-Uhaymir na nyanda za Dhofar, na kwa muda mfupi wakapata vitu ambavyo duniani ni adimu mno: mawe yaliyotoka sayari ya Mirihi, kama Sayh al-Uhaymir 005 na Dhofar 019, na mawe yaliyotoka Mwezini, kama Dhofar 025 na Dhofar 026. Mawe ya namna hiyo huuzwa kwa gramu, kwa bei inayoizidi dhahabu, na mengi yalikatwa vipande vipande yakatawanyika katika makabati ya matajiri na makumbusho ya Ulaya na Marekani. Fedha iliyopotea kwa njia hiyo sioni haja ya kuililia sana. Msiba ulio mkubwa zaidi ni kwamba jiwe lililookotwa bila ya kuandikwa mahali lilipolala, na udongo uliokuwa chini yake, na mawe mengine yaliyokuwa jirani yake, limepokonywa nusu ya ushahidi wake: haijulikani tena kama ni ndugu wa jiwe lililo kilomita tano mbele, wala hali ya hewa ya mahali pale imelila kwa kiasi gani, wala umri wake wa kukaa duniani una maana gani kwa tarikhi ya jangwa lenyewe.

Mwaka 2001 ulianza mpango wa pamoja baina ya Oman na Uswisi, kwa upande mmoja wizara iliyosimamia madini hapa Maskati, na kwa upande wa pili Chuo Kikuu cha Bern na Makumbusho ya Tarikhi ya Maumbile ya mji huo, ukiwa na watu kama Beda Hofmann, Edwin Gnos na Ali Al-Kathiri. Na kazi yao, ambayo naihesabu kuwa ni hisani kubwa kwa nchi hii, ilikuwa kutembea juu ya uwanda kwa utaratibu na kuandika kila jiwe mahali lilipo. Kwa utaratibu huo ndipo lilipojulikana anguko la Jiddat al-Harasis 073, ambalo mawe yake zaidi ya 3,000, yenye jumla ya kilo 600 hivi, yalikusanywa na kuthibitishwa kuwa yametoka katika mwamba mmoja uliopasuka hewani. Al-Kathiri na wenzake walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa namna vimondo vya Oman vinavyoliwa na kutu na namna vinavyofyonza strontiamu na bariamu kutoka udongo wa Oman, hata jiwe lililozaliwa angani likawa na chumvi za jangwa letu ndani yake.

Tunda lenye fahari kuliko yote lilipatikana tarehe 16 Januari 2002: kipande cha gramu 206, kiasi cha kujaa kiganjani, kilichopewa jina la Sayh al-Uhaymir 169. Ni jiwe la Mwezi. Lilipochunguzwa, na matokeo yake kuchapishwa Julai 2004, lilikutwa lina thoriamu nyingi kupita kiasi, na atomu zake zilisimulia kisa chote tangu mwanzo: kwamba liliyeyuka katika pigo kubwa lililochimba bonde la Imbrium miaka milioni 3,909 iliyopita, kwamba lilipigwa tena miaka kama milioni 2,800 na milioni 200 iliyopita, kwamba liling'oka Mwezini katika miaka 340,000 ya mwisho, na kwamba lilifika duniani si zaidi ya miaka 9,700 hivi iliyopita, zama ambazo Bara Arabu lilikuwa na mvua nyingi kuliko leo na Oman ilikuwa na majani mahali ambapo sasa pana vumbi. Sehemu hizo za mwisho za kisa, yaani kung'oka na kuanguka, zilijulikana kwa athari ya mionzi peke yake. Serikali nayo ilisimamia kwa nguvu kwamba vimondo ni mali ya nchi na havitolewi bila ya idhini, na mwaka 2011 wageni wawili waliokusanya bila idhini walihukumiwa kifungo.

Haya ni ya mawe. Jiwe likipigwa na mionzi hubadilika atomu chache katika mamilioni kwa mamilioni, nalo likabaki jiwe. Barafu haiwi hivyo: barafu hubadilika dhati yake, ikageuka kitu kingine, na ubaya ni kwamba haiwezi kutuletea habari zake yenyewe, kwa kuwa kipande cha barafu kitokacho kwenye miezi ya Mushtari hakiwezi kufika Jiddat al-Harasis na kutungoja miaka elfu kumi. Ilibidi wanadamu waigandishe wenyewe katika maabara na kuipiga mionzi kwa mikono yao. Amali hiyo ina umri mkubwa kuliko safari za angani. Mapema katika karne ya 20 wanakemia walioyeyusha chumvi ya radiamu ndani ya maji waliona mapovu yakipanda bila ya moto wala umeme, na walipoyapima wakakuta haidrojeni na oksijeni. Na mwaka 1913 William Duane na Otto Scheuer wakaijaribu na barafu. Baadaye vinu vya nyuklia, vilivyopozwa kwa maji, viliifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifikiria Mushtari.

Sababu ilikuja kwa hatua. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin waligundua kuwa Mushtari inatoa mawimbi ya redio, dalili ya uga wa sumaku ulio mkubwa. Desemba 1973 chombo cha Pioneer 10 kilipopita karibu nayo kilikutana na mionzi mikali mno. Na kadiri ilivyofahamika kuwa Io, Europa na Ganymede huzunguka ndani ya mionzi hiyo hiyo, swali likawa dhahiri: barafu ya Europa, inayopata kwa siku moja kipimo cha mionzi kinachotosha kumwua mtu, inakuwaje? Mwaka 1978 Walter Brown, Louis Lanzerotti na wenzao katika maabara za Bell nchini Marekani walizipiga tabaka nyembamba za barafu kwa ayoni ziendazo kasi, wakastaajabu kuona molekuli za maji zikiruka kwa wingi uliopita mbali hesabu za nadharia ya zama zao. Mwaka uliofuata vyombo viwili vya Voyager vikapita, Machi na Julai, vikaleta picha za Europa yenye uso laini uliopasuka nyufa ndefu zenye rangi ya kutu.

Kinachotokea ni hiki. Chembe iingiapo katika barafu huipasua molekuli ya maji ikawa haidrojeni upande mmoja na kipande cha haidrojeni na oksijeni upande wa pili. Katika maji ya kawaida vipande hivyo aghalabu hukutana na kurudiana mara moja. Katika barafu ya Europa, ambayo hata kwenye ikweta yake ni nyuzi kama 160 chini ya sifuri, vipande vizito haviwezi kusogea mbali, na haidrojeni, kwa wepesi wake, hupenya ikatoroka angani kwa kuwa mvuto wa mwezi ule mdogo hauna nguvu ya kuizuia. Kidogo kidogo, barafu inabaki na ziada ya oksijeni. Vipande viwili vikiungana huwa haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayotoa povu inapotiwa juu ya jeraha; vingine huwa oksijeni ya kuvuta pumzi, na nyingine ozoni. Hayo yalitabiriwa katika maabara kisha yakaonekana mbinguni, moja baada ya jingine: John Spencer na wenzake waliiona oksijeni iliyonaswa katika barafu ya Ganymede mwaka 1995, Keith Noll na wenzake wakaiona ozoni hapo hapo mwaka 1996, Robert Carlson na wenzake, kwa vipimo vya chombo kilichopewa jina la Galileo, wakaiona peroksaidi juu ya Europa mwaka 1999, na mwaka huo huo wakaonyesha kuwa pana tindikali ya salfa, ambayo salfa yake yamkini hutoka katika volkano za Io, ikarushwa angani na kushindiliwa ndani ya barafu ya jirani. Chombo cha Juno kilichoipita Europa Septemba 2022 kimewezesha kukadiria, katika taarifa ya mwaka 2024, kwamba uso wake huzalisha kilo kama 12 za oksijeni kila sekunde, kiasi kilicho chini ya makisio mengi ya awali.

Mbali zaidi, penye methani na naitrojeni iliyoganda, mionzi haitoi oksijeni. Huunganisha kaboni kwa kaboni ikapatikana masizi mekundu ambayo Carl Sagan na Bishun Khare waliyatengeneza katika maabara yao na kuyapa jina la tholini mwaka 1979. Chombo cha New Horizons kilipoipita Pluto tarehe 14 Julai 2015 kilikuta mwezi wake, Charon, una kofia nyekundu kwenye ncha yake ya kaskazini: methani inayovuja kutoka Pluto huganda pale katika majira ya baridi yanayodumu miongo mingi, na mionzi ikaifanyia kazi yake.

Sasa narudi kwenye majabali ya Maskati, ambayo msomaji asidhani nilianza nayo kwa pambo tu. Majabali hayo ni ncha ya safu ya miamba yenye urefu wa kilomita 500 hivi, iliyozaliwa chini ya bahari miaka kama milioni 96 iliyopita na kusukumwa juu ya ukingo wa Bara Arabu, na sehemu kubwa yake ni mwamba uitwao peridotaiti, ambao mahali pake pa asili ni chini ya gamba la dunia, kwenye kina ambacho mwanadamu hajapata kukifikia. Mahali pachache duniani mwamba huo umetokeza juu kwa upana kama hapa. Mvua ikiingia katika nyufa zake, chuma kilichomo ndani ya mwamba hunyang'anya maji oksijeni yake, na haidrojeni ikabaki huru. Waomani wa mabonde ya ndani wamezijua siku zote zile chemchemi ambazo maji yake ni ya buluu na kingo zake zimejitanda ukoko mweupe, na hayo ni maji makali kama ya magadi, yanayoivuta hewa ya ukaa na kuigeuza chokaa pale yanapotokea nje. Mwaka 1983 Colin Neal na Gordon Stanger, waliokuwa wakichunguza maji ya nchi hii, walichapisha kwamba gesi inayobubujika katika chemchemi hizo ina haidrojeni itokayo kwenye mwamba wenyewe. Walikuwa wakitafuta maji ya kunywa na ya mashamba, kwa nchi iliyoishi kwa mifereji ya falaji tangu enzi za kale. Hawakuwa na habari ya Europa.

Kati ya mwaka 2016 na 2018 mpango mkubwa wa kuchimba, ulioongozwa na Peter Kelemen, ulitoboa mashimo kadhaa katika miamba hiyo, mengine yenye kina cha kufikia mita 400, na vipande vya mwamba vikapelekwa kuchunguzwa ndani ya meli ya Kijapani iitwayo Chikyu. Alexis Templeton wa Chuo Kikuu cha Colorado na wenzake, wakigharimiwa na shirika la anga la Marekani, walikuta katika maji ya visima hivyo vijidudu visivyohitaji jua, vinavyoishi kwa kuila haidrojeni ya mwamba. Na kwa kuwa mwaka 2017 wachunguzi wa chombo cha Cassini walitangaza kuwa haidrojeni imo katika maji yanayorushwa na Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye bahari chini ya barafu, miamba ya Oman ikawa mahali pa kwenda kujifunza yale ambayo huko hayafikiki.

Hapo ndipo habari mbili zinapokutana. Kiumbe kinachoila haidrojeni sharti kiwe na kitu cha kuiunguzia, kama sisi tunavyoviunguza vyakula vyetu kwa oksijeni ya pumzi. Ikiwa chini ya bahari ya Europa upo mwamba wa jamii ya haya majabali yetu, haidrojeni yaweza kutoka chini. Na ikiwa barafu iliyo juu hujigeuza na kuzama, mionzi yaweza kuwa ndiyo inayoleta oksijeni na peroksaidi kutoka juu, kama alivyoeleza Christopher Chyba mwaka 2000. Mionzi, ambayo hapa kwetu tunaijua kwa madhara yake, huko yaweza kuwa ndiyo mlishaji. Iwapo vitu hivyo viwili hukutana kweli, hutegemea unene wa barafu na mwendo wake, nako kunapimika.

Vyombo viwili viko njiani kwenda kupima. Juice, cha shirika la anga la Ulaya, kiliondoka tarehe 14 Aprili 2023 na kinatarajiwa kufika Julai 2031, kisha kiizunguke Ganymede. Europa Clipper, cha Marekani, kiliondoka tarehe 14 Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika Aprili 2030. Nacho, kwa ukali wa mionzi ile ile, hakitathubutu kuizunguka Europa, ila kitaizunguka Mushtari kwa njia ndefu na kuisogelea Europa mara 49, kila mara kikikimbia kutoka, huku sehemu zake dhaifu zikiwa zimefungiwa ndani ya sanduku la aluminiamu. Miongoni mwa vyombo vyake kimo cha kupima uzito wa molekuli za hewa ile nyembamba inayouzunguka mwezi huo, kitakachoeleza mionzi imetoa nini katika barafu na, Mungu akijaalia, kama chini yake kuna mwamba unaotoa gesi ile ile ambayo Neal na Stanger waliikinga ikitoka katika chemchemi za Oman.